Mrina Asali na Swali Lililochekwa

Mheshimiwa Naibu Mkuu wa Wilaya, Ndugu Radmir Galeyevich. Ndugu Mwenyekiti wa Baraza la Kijiji cha Yukabulak. Sheikh wetu, imamu wa msikiti wa kijiji. Ndugu wageni waalikwa mliotoka mjini na kuvumilia barabara yetu. Ndugu waandishi wa habari. Warina asali wenzetu, ambao mmewekwa safu za nyuma ingawa sherehe hii ni yenu. Kina mama mliokaanga vitafunio vya chakchak tangu alfajiri na mikono yenu bado inanata asali. Na wewe Zakuan agai, kaka yetu mkubwa, mwenye siku ya leo, pamoja na mkeo, dada yetu Farzana apai: Assalamu alaikum!

Ahsanteni. Mmeitikia kwa nguvu, na vizuri, kwa sababu nitakayoyasema si ya kunong'ona.

Mimi ni Minzifa Ishbulatova, daktari wa mifugo wa wilaya. Kwa miaka ishirini na sita hakuna nyuki aliyeingizwa wilayani humu bila karatasi yenye sahihi yangu na muhuri wangu. Leo nimepewa dakika tano na karatasi moja. Karatasi imechapwa ofisini, na nimeombwa niisome kama ilivyo, nisiongeze wala nisipunguze. Nitawasomea sentensi moja tu. "Katika utumishi wake wa miaka arobaini na minne, Ndugu Zakuan Yaumbayev alishirikiana vyema na miradi yote ya wilaya ya kuendeleza ufugaji wa nyuki, na sasa anapumzika kwa sababu ya umri."

Jamani! Sentensi moja, uongo mara mbili. Alishirikiana vyema na nani? Na umri gani huo unaovunja nyonga ya mtu? Mnaiona ile fimbo ya kutembelea iliyolazwa chini ya kiti chake, imefunikwa kwa kitambaa cha meza isije ikatokea kwenye picha? Nani aliamuru ifunikwe? Mwenyewe haoni haya kuitumia, nani anaona haya kuitazama?

Hapana. Sitaisoma. Naikunja, naiweka hapa chini ya glasi ya maji.

Zakuan agai, usinikonyeze. Umekuwa ukinikonyeza tangu nilipoinuka, na mimi naona vizuri bila miwani. Leo utanivumilia.

Wageni wetu wa mjini, mmeonyeshwa asali kwenye chupa nzuri, lakini huyu mtu hamjaonyeshwa. Nyuki wake hawakai kwenye masanduku yaliyopakwa rangi. Wanakaa juu, ndani ya misonobari iliyo hai, kwenye matundu yaliyochongwa na babu wa babu yake, na kila mti una tamga, alama ya ukoo wao, iliyokatwa kwa shoka kwenye gome: mistari mitatu kama unyayo wa kunguru. Ana miti mia moja na kumi na miwili. Huipanda kwa kamba moja ya ngozi iliyosukwa na kibao cha kusimamia, mpaka kimo cha nyumba ya ghorofa tatu, uyoga mkavu ukifuka moshi mkononi, na huko juu huwafungulia mlango nyuki weusi, wadogo, wakali, ambao hawajawahi kuomba ruhusa kwa mtu yeyote ya kumchoma sindano. Anarina mara moja kwa mwaka, mwanzoni mwa Septemba, baada ya mlindeni, mti ambao maua yake huwapa nyuki asali nyingi, kumaliza kuchanua. Mara moja tu.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimfuata msituni nikiwa na diploma mpya na viatu vipya. Nilikuwa najua kila kitu. Akashuka mtini na ndoo yake, nikachungulia, nikaona haijajaa.

"Agai, mbona umeacha nusu nzima kule juu?"

"Sijaacha. Ile si yangu, ni ya wenyewe."

"Lakini chuoni tumefundishwa, unachukua yote, halafu unawapa maji ya sukari wapite nayo baridi."

Akanitazama viatu, akanitazama uso. "Minzifa, mama yako akikunyang'anya chakula cha miezi saba, akakupa peremende, masika utayaona?"

"Wengi wanafanya hivyo na nyuki wanaishi."

"Na mimi najua watu wanaoishi kwa chai na sigara. Waite wapande mti huu."

Siku hiyohiyo nilimwona akining'iniza gogo zito kwa kamba mbele ya mlango wa nyuki. Nikamuuliza la nini. Akasema la dubu: dubu akipanda, atakuta gogo limeziba njia, atalisukuma, litarudi limpige, atalisukuma kwa hasira zaidi, litarudi kwa nguvu zaidi, mpaka aanguke. Nikasema, "Maskini, kwa nini asiache tu, ashuke?" Zakuan akajibu bila kucheka, "Kwa sababu anaamini gogo ndilo lenye makosa."

Nimefanya kazi na ofisi nyingi tangu siku hiyo, Mheshimiwa, na maneno hayo yamenisaidia sana kuzielewa.

Sasa tuje kwenye lile ambalo karatasi inaliita ushirikiano.

Miaka saba iliyopita, mwezi wa Mei, tuliketi katika ukumbi huuhuu. Mapazia yalikuwa yaleyale, na wengi wenu mlikuwapo. Kampuni moja kutoka kusini ya mbali, kule ambako mizabibu haifunikwi wakati wa baridi, ilituletea nyuki wa njano. Nyuki wapole! Bwana mmoja mwenye suti ya kijivu alifungua sanduku pale, hapo mliposimamisha maua, akaingiza mkono mtupu, akautoa umejaa nyuki kama mtu aliyevaa glavu ya dhahabu, na hakuchomwa hata mara moja. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Akasema nyuki hawa watatupa asali mara tatu ya nyuki wetu wasio na adabu. Akasema wakati wa kupanda miti kama kima umepita. Wilaya ilikuwa tayari imekubali masanduku mia nne.

Ndipo Zakuan akainua mkono. Alikuwa amekaa safu ya nne, karibu na jiko. Akasimama, akavua kofia.

"Bwana mgeni, wamependeza kweli. Nina swali moja. Huko kwao, baridi inawafungia ndani muda gani?"

"Wiki tano, sita hivi. Mwaka mbaya sana, nane."

"Hapa kwetu ni miezi saba. Na nyuki haendi haja ndani ya nyumba yake, hujizuia mpaka siku ya kutoka. Wetu wanaweza. Sasa hawa wa kwako, miezi saba, watakwenda haja wapi?"

Mnakumbuka ukumbi ulivyocheka? Mimi nakumbuka. Watu walijishika mbavu. Na afisa aliyekuwa mwenyekiti wa mkutano, ambaye sasa amehamia mkoani na amepandishwa cheo, akagonga meza huku akifuta machozi ya kicheko, akasema, "Zakuan agai, sisi tunazungumzia maendeleo, wewe unazungumzia choo!" Kicheko kikarudi upya. Bwana wa suti akacheka kwa adabu. Swali halikujibiwa. Zakuan alisubiri jibu akiwa amesimama, kofia mkononi, muda mrefu kuliko mtu yeyote anavyostahili kusubirishwa, halafu akaketi.

Mnataka kujua daktari wa nyuki wa wilaya alikuwa wapi? Mtu pekee katika ukumbi aliyesomea matumbo ya nyuki, aliyejua kwa kitabu kile ambacho Zakuan alikijua kwa macho? Nilikuwa meza ya mbele, Mheshimiwa, kwenye kiti hicho ulichokalia wewe sasa. Na nilicheka. Nilicheka kwa sababu mkubwa wangu alicheka. Nilicheka kwa sababu niliogopa nikiwa kimya nitaonekana mshamba, mimi binti wa dereva wa trekta niliyehangaika miaka mingi nisionekane mshamba. Na wiki iliyofuata nikatia sahihi. Nilichunguza nyuki wale chini ya lenzi, sikuona ugonjwa, nikaandika kwamba hawana ugonjwa, na huo ulikuwa ukweli. Lakini fomu ilikuwa na mstari wa pili, na mstari huo uliuliza: "Wanafaa kwa mazingira ya wilaya?" Nikaandika: "Wanafaa." Neno moja. Nikagonga muhuri.

Kwa hiyo ndugu zangu, hasira mnayoisikia kwenye sauti yangu leo msidhani imeelekezwa nje tu.

Masanduku yaligawiwa. Zakuan alikataa la kwake, akaambiwa anapinga maendeleo. Picha yake, iliyokaa kwenye ubao wa heshima pale mlangoni tangu enzi za ujana wake, iliondolewa, na msumari ukaachwa wazi. Farzana apai alikuwa akienda dukani, watu wanamuuliza, "Apai, mzee hajambo? Bado anawachimbia nyuki vyoo?" Mnainamisha vichwa sasa. Wengine wenu ndio mliouliza. Naye Farzana apai hakuwahi kumpelekea mumewe maneno hayo; alikuwa akinunua unga wake na kuondoka, na akifika nyumbani anasema foleni ilikuwa ndefu.

Yuko mama mmoja hapa, Tansilu, yule pale aliyevaa kitambaa cha bluu. Tansilu ni mjane. Mumewe alimwachia mizinga kumi na minne ya magogo, nyuki weusi watupu, nyuma ya nyumba. Mradi ulikuwa na sharti: huwezi kuweka nyuki wa njano na weusi katika ua mmoja. Chagua. Tansilu hakumwamini bwana wa suti, hata kidogo. Alikuja ofisini kwangu, akavua viatu mlangoni, akaniuliza, "Daktari, mwanangu, wewe unasemaje?" Nikampa nakala ya karatasi yangu. Akaisoma neno kwa neno, akachagua wa njano. Siku ya tatu watu wa mradi walifika na salfa, unga ambao moshi wake huua nyuki, wakaziba milango ya magogo kumi na manne, wakawasha. Tansilu aliniambia baadaye kwamba mvumo ulidumu kwa muda wa kuchemsha birika moja la chai, kisha ukakoma.

Kiangazi kilikuwa kizuri, sikatai. Nyuki wa njano walikusanya asali nyingi, tukapiga picha, gazeti likaandika. Mkaambiwa kamueni yote, wapeni sukari. Mkakamua yote. Oktoba ikaingia, nyuki weusi juu ya misonobari walikuwa wamekwisha kuacha kuzaa, wamejikusanya, wameziba nyufa, wametulia juu ya asali yao. Wa njano walikuwa bado wanalea watoto! Walidhani wako kwao. Nani wa kuwalaumu? Hakuna aliyewaambia wameletwa wapi. Theluji ikaanguka siku ya ishirini ya Oktoba na haikuondoka. Januari baridi ilifika nyuzi arobaini na nne chini ya sifuri, miti ikawa inapasuka kwa kishindo msituni.

Aprili nilipita ua kwa ua. Nilianza kwa Tansilu. Nikafungua kifuniko cha kwanza. Ndugu zangu, mtakula muda si mrefu, na bado nitawaambia, kwa sababu wakati ule mlicheka. Masega yalikuwa yamepakwa kinyesi cha kahawia toka juu mpaka chini. Hawakuweza kujizuia. Walijaribu miezi mitatu, minne, wakashindwa, wakachafua nyumba yao, wakaugua, wakafa juu ya uchafu wao, rundo la kimo cha kiganja. Na malkia wao katikati, na kundi dogo la mwisho limemzunguka, wote wakavu. Hilo ndilo lilikuwa jibu la swali la Zakuan. Lilichukua miezi kumi na moja kufika.

Sanduku la pili hivyohivyo. La tatu hivyohivyo. Tansilu alikuwa nyuma yangu na ndoo na ufagio mdogo. Hakulia. Alisema, "Karatasi yako ninayo, daktari. Nimeiweka nyuma ya kioo. Mimi sikuwaamini wao. Nilikuamini wewe."

Nimepigwa kofi mara moja maishani, na mama yangu. Halikuuma hivyo.

Katika masanduku mia nne, yaliyobaki hai yalikuwa thelathini na moja. Tuliipigia simu kampuni, ikasema wafugaji hawakuwafunika vizuri. Wafugaji wa Yukabulak, ambao wanafunika ng'ombe, viazi, na mabomba ya maji, hawajui kufunika sanduku! Wilaya iliandika ripoti. Niliiona. Ilisema, "Changamoto za hali ya hewa." Changamoto! Baridi ile imekuwapo tangu milima hii ya Ural iwekwe hapa. Changamoto gani hiyo inayokuja kila mwaka tarehe ileile?

Na mkadhani mambo yameishia hapo. Hayakuishia. Kiangazi kile kimoja kilitosha. Madume wa njano walikuwa wameruka angani na kupandana na malkia weusi, na nyuki hazuiliwi na uzio wala cheti. Mwaka uliofuata, kwenye misonobari ya Zakuan, miti iliyopita salama vita, njaa na dubu, wakaanza kutoka nyuki wenye mstari wa njano tumboni. Chotara. Na chotara naye anakufa baridini, polepole tu, baridi ya pili au ya tatu. Nyuki waliokaa hapa tangu kabla ya kijiji hiki kuwa na jina walikuwa wanapotea mti kwa mti, na karatasi iliyofungua mlango ilikuwa na muhuri wangu.

Nilikwenda nyumbani kwake. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima. Farzana apai alifungua mlango, akaniona uso, akanivuta ndani. Zakuan alikuwa anasuka kamba. Nikaanza, "Agai, mimi siku ile..."

"Kunywa chai kwanza."

Nikanywa. Nikaanza tena.

"Minzifa, umekuja kuomba radhi au umekuja kufanya kazi?"

"Vyote viwili, agai."

"Basi radhi iweke pale juu ya jiko, isipoe. Kazi yenyewe ni hii." Akatandika mezani ramani aliyoichora kwa penseli, miti yote mia moja na kumi na miwili, kila mmoja na jina lake. Bonde la juu, ng'ambo ya mgongo wa mlima, lilikuwa na miti kumi na tisa ambayo madume wa njano hawakuifikia. "Huku bado ni weusi. Huku chini tutawaondoa malkia chotara mmoja mmoja, na kila mti tutaupa binti wa kutoka juu. Wewe una lenzi, utaniambia kwa mishipa ya mbawa nani ni nani. Mimi nitapanda."

"Itachukua muda gani?"

"Sina haraka. Wewe una haraka?"

Miaka mitano, ndugu zangu. Hakuna ofisi iliyoagiza, hakuna mradi, hakuna bango lenye picha. Mtu wa miaka sitini na mbili alipanda na kushuka, alipanda na kushuka, akaua malkia kwa vidole vyake mwenyewe. Tulikuwa tukila mkate na siagi chini ya mti, yeye ananieleza mti ule ulichongwa na nani na aliyeuchonga alikuwa na tabia gani. Hakuwahi, hata mara moja, kunitajia ile siku ya ukumbini.

Mwaka wa tatu, mwezi wa Juni, kamba ilikatika. Sikilizeni vizuri, maana huu ndio ule "umri" wa kwenye karatasi. Alianguka kimo cha mita saba, akavunjika nyonga. Tulimtoa msituni kwa mkokoteni wa farasi, saa nne za njia mbaya, akiwa ameuma mkanda. Alilazwa wiki kumi na moja. Nilihesabu wageni wake. Walikuja warina asali, alikuja Sheikh, alikuja Tansilu na uji wake. Kutoka ofisini hakuja mtu, hata wa kumletea gazeti. Alivunjika akirekebisha kosa letu, Mheshimiwa. Akitembea kwa fimbo leo, anatembelea kosa letu. Na leo tumempa saa ya ukutani.

Alipotoka hospitali tulibakiwa na miti arobaini na nane, na mtu wa kuipanda hakuna. Nikapanda mimi. Msicheke! Au chekeni, hii mnaruhusiwa. Mwanamke wa miaka arobaini na tisa, na uzito huu mnaouona, nimekumbatia msonobari kama ndugu niliyempoteza, na huyu bwana amekaa chini kwenye kigoda anapiga kelele msitu mzima usikie: "Mguu wa kushoto, daktari! Wa kushoto, nimesema! Kushoto ni ule mwingine!" Nilichomwa mpaka nikazoea. Farzana apai alikuwa akinipaka mtindi usoni jioni na kusema, "Sasa umekuwa mzuri, mashavu yamejaa."

Tulimaliza mwaka jana. Na mwezi huu wa Septemba tumepita miti yote tena na lenzi, mmoja baada ya mwingine. Mia moja na kumi na miwili, na ndani yake yote, nyuki weusi. Nitarudia kwa ajili ya waandishi wa habari, muandike vizuri: yote, nyuki weusi. Na magogo sita nyuma ya nyumba ya Tansilu yana wenyewe tena.

Kazi hiyo ndiyo tulipaswa kuisherehekea leo. Lakini ndivyo? Kwa nini basi kuna utepe mwekundu umefungwa nje, mbele ya ukumbi, na mkasi kwenye sinia? Mtu akistaafu hukatwa utepe? Wanakijiji hamjaambiwa, kwa hiyo nitawaambia mimi. Karatasi ile niliyoiweka chini ya glasi ina ukurasa wa pili. Ukurasa wa pili unasema kwamba katika sherehe hii hii, mbele ya Zakuan Yaumbayev, mkongwe wa nyuki, wilaya inazindua awamu ya pili. Kampuni ileile, jina jipya. Masanduku mia sita. Sasa wanaitwa "nyuki walioboreshwa." Wamekwisha kupakiwa, magari matatu, yako njiani. Walitaka mzee huyu aketi hapa, na tai shingoni, apigwe picha pamoja nao! Walitaka jina lake liwe kibandiko cha kuuzia kile kilichomvunja.

Ndugu Radmir Galeyevich, naona unataka kipaza sauti. Utakipata, lakini si sasa. Najua wewe hukuwapo mwaka ule, na najua uliambiwa kila kitu kiko tayari. Kilikuwa karibu kuwa tayari. Ilibaki karatasi moja. Fomu ileile, mstari wa pili uleule. Ililetwa mezani kwangu juzi asubuhi, na sampuli ya nyuki, na ujumbe kwamba nisichelewe kwa sababu wageni wanasubiri.

Nimeijaza, Mheshimiwa. Mstari wa kwanza: sikuona ugonjwa. Mstari wa pili nimeandika: "Hawafai." Muhuri wa kuwaruhusu kuvuka sikuugonga. Nakala nne nimekwisha kuzipeleka: mkoani, kwenye kizuizi cha daraja, kwa Baraza la Kijiji, kwa Tansilu aitoe ile ya nyuma ya kioo na kuweka hii, na ya tano hii hapa, kwa ajili yako.

Simu ya katibu wako inalia. Pokea tu, ndugu katibu, usione haya, tunajua ni nani. Ni dereva wa gari la kwanza. Amezuiwa darajani tangu saa tatu asubuhi na anauliza afanye nini. Mwambie ageuze leo hii, kabla baridi haijashuka. Mwambie awafunike turubai wasipulizwe na upepo, awape maji njiani, awafikishe kwao wakiwa hai. Nyuki wale hawana kosa lolote. Kwao ni nyuki wazuri, wafugaji wao wanawahitaji, na sina ugomvi nao hata kidogo.

Najua nitaitwa ofisini Jumatatu. Muhuri ninao mfukoni, na wakiutaka nitaukabidhi bila maneno mengi. Lakini atakayeugonga badala yangu itabidi aje kuugonga hapa, katika ukumbi huu, huku Tansilu anamtazama.

Namshukuru Farzana apai kwa foleni zote zile ambazo hazikuwa ndefu. Nawashukuru warina asali mliotukopesha kamba. Nakushukuru, Sheikh, kwa kunikumbusha jana kwamba ushahidi ukifichwa haupungui uzito. Na wewe agai, kwa kila kitu, na hasa kwa chai. Dakika zangu tano zimekwisha zamani. Nawaombeni radhi wapishi, si wengine.

Asanteni nyote kwa kunisikiliza mpaka mwisho bila kicheko kisicho na haki. Sasa naomba mtulie na msiondoke, kwa sababu tangu ule mwezi wa Mei hakuna aliyemwomba Zakuan agai aseme neno katika ukumbi huu. Nampelekea kipaza sauti pale alipokaa.